Je, Wajua? Kura 47 za Chimwaga na Heshima ya Kukubali Kushindwa

Kila uchaguzi humtoa mshindi mmoja na kuacha walioshindwa wengi, lakini habari zinazosimuliwa ni za mshindi. Leo safu hii inawageukia walioshindwa, hasa walioshindwa kwa kura za kuhesabika, wakaamua kumpa mwenzao mkono badala ya kung'ang'ania masanduku yafunguliwe upya. Tunaanzia Mtera, tunapita Chimwaga, tunavuka hadi Unguja na Pemba, kisha tunawatembelea majirani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuone historia inasema nini.

MTERA NA MZEE WAKE

1. Je, wajua kwamba Mtera ni bwawa na pia lilikuwa jina la jimbo la uchaguzi? Bwawa liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, katika Mto Ruaha Mkuu, na mitambo yake ya umeme ina uwezo wa megawati 80. Jimbo la Mtera lilikuwa Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, katika nchi ya Wagogo, nyanda kame za uwele, mtama na mifugo.

2. Je, wajua kwamba mbunge wa Mtera kwa miaka mingi alikuwa mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu? Ni John Samuel Malecela, aliyezaliwa mwaka 1934. Aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika miaka ya 1970, na akashika uwaziri mkuu kuanzia Novemba 1990 hadi Desemba 1994.

3. Je, wajua kwamba Malecela alikuwamo katika kundi la watu mashuhuri lililotumwa na Jumuiya ya Madola kwenda Afrika Kusini mwaka 1986, wakati wa ubaguzi wa rangi? Kundi hilo lilikutana na Nelson Mandela akiwa bado mfungwa katika gereza la Pollsmoor.

4. Je, wajua kwamba mwaka 2010 CCM ilibadili namna ya kuwapata wagombea wake wa ubunge? Awali kura za maoni zilipigwa na wajumbe wachache wa mkutano wa jimbo. Mwaka huo zilipigwa na wanachama wote matawini. Mgombea aliyezoea kuzungumza na wajumbe ukumbini alijikuta anatakiwa kuwafikia wanachama kijiji kwa kijiji. Vigogo kadhaa walianguka nchini kote.

5. Mmoja wao alikuwa Malecela. Akiwa na miaka 76, alishindwa Mtera na Livingstone Lusinde, anayejulikana zaidi kwa jina la Kibajaji. Lusinde akaenda bungeni mwaka huo, akarudi tena 2015 na 2020.

6. Je, wajua mzee huyo alifanya nini baada ya hapo? Hakuhama chama. Katika siasa zetu ni jambo la kawaida, kura za maoni zikimalizika, kusikia fulani amerudisha kadi na kuchukua fomu upande wa pili ndani ya wiki hiyo hiyo. Malecela alibaki mzee wa chama kile kile kilichompa uongozi na kilichomnyima.

7. Wala haikuwa mara yake ya kwanza kukosa. Aliutaka urais mwaka 1995, jina lake halikufika tatu bora. Akajaribu tena 2005 akiwa Makamu Mwenyekiti wa CCM upande wa Bara, likakwama tena. Aliendelea na umakamu mwenyekiti hadi 2007.

KURA 47 ZA CHIMWAGA

8. Je, wajua kwamba moja ya kura zenye ushindani mkali kuliko zote katika historia ya CCM ilipigwa Dodoma, Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga? Ukumbi huo leo uko ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na wanafunzi wengi hupita hapo bila kujua kilichotokea.

9. Tatu bora waliowania kuwa mgombea urais wa CCM walikuwa Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Msuya ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo. Kikwete alikuwa Waziri wa Fedha, akiwa na umri wa miaka 44 tu.

10. Je, wajua nani aliongoza duru ya kwanza? Ni Kikwete. Alipata kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Lakini ili kupitishwa, mgombea alitakiwa kuvuka nusu ya kura zote. Kwa hiyo wajumbe wa mkutano mkuu wakarudi kupiga kura kwa wawili wa juu.

11. Duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ni kura 47. Ina maana kwamba wajumbe 24 tu wangebadili mawazo, Rais wa Awamu ya Tatu angekuwa mtu mwingine. Fikiria uzito wake kwa mtu aliyekuwa ameongoza katika duru iliyotangulia.

12. Kikwete alikubali matokeo. Mkapa alipoingia Ikulu mwishoni mwa mwaka huo, alimteua mpinzani wake huyo kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kikwete aliishika wizara hiyo kwa miaka yote 10 ya Mkapa, kuanzia 1995 hadi 2005. Mwenye kura 686 na mwenye kura 639 walikaa katika baraza moja la mawaziri kwa muongo mzima.

13. Je, wajua kwamba Kikwete aliporudi mbele ya wajumbe mwaka 2005 hakuhitaji duru ya pili? Alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huo alipata zaidi ya asilimia 80. Mwandosya, wa tatu katika kinyang'anyiro hicho, naye aliteuliwa waziri katika serikali ya aliyemshinda.

14. Na hili je, ulilijua? Mapema mwaka 2008 Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, jopo la usuluhishi lililoongozwa na Kofi Annan lilikuwa na wajumbe wawili wengine: Graça Machel na Benjamin Mkapa. Mazungumzo yalipokwama mwishoni mwa Februari, Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika alifika Nairobi kusaidia kuyakwamua. Mwenyekiti huyo alikuwa Jakaya Kikwete. Februari 28, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Mshindi na mshindwa wa Chimwaga walifika katika meza moja kuwasuluhisha mshindi na mshindwa wa nchi jirani. Wangekuwa na uso gani wa kufanya kazi hiyo kama wao wenyewe wangeachana kwa ugomvi mwaka 1995?

UNGUJA NA PEMBA: BEI YA KURA CHACHE

15. Je, wajua kwamba kiti kimoja kiliwahi kuamuliwa kwa kura moja Zanzibar? Ilikuwa Chake Chake, Pemba, katika uchaguzi wa Januari 1961. Chama cha Afro-Shirazi kilichukua kiti hicho kwa tofauti ya kura moja tu. Baada ya wabunge wa chama cha tatu kugawanyika kati ya vyama viwili vikubwa, kila upande ukawa na viti 11, serikali ikashindwa kuundwa.

16. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, kiti kimoja kikiwa kimeongezwa ili sare isijirudie. Sare haikujirudia, lakini ghasia zilizozuka ziliua watu 68.

17. Je, wajua matokeo ya urais wa Zanzibar mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi? Salmin Amour wa CCM: kura 165,271. Seif Sharif Hamad wa CUF, yaani Maalim Seif: kura 163,706. Tofauti ilikuwa 1,565. CUF iliyakataa matokeo, na mgogoro ukadumu kwa miaka mingi. Ukazaa Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF mwaka 1999, ukazaa umwagaji damu wa Januari 2001, ukazaa Muafaka wa pili Oktoba 2001. Waliovunjika miguu, waliofiwa na waliokimbilia Kenya ni watu ambao majina yao hayakuwa kwenye karatasi ya kura.

18. Tusimlaumu mshindwa peke yake. CUF ilikuwa na malalamiko juu ya namna kura zilivyojumlishwa, na hayakupata jukwaa la kuyamaliza kwa amani. Mtu akikosa mahali pa kusikilizwa, kumtaka akubali ni kumtaka anyamaze, na hayo ni mambo mawili tofauti.

19. Je, wajua nani alianza kufungua njia? Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana na kuanzisha maridhiano. Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kwa kura kikapewa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais.

20. Miezi mitatu baadaye, uchaguzi ukafanyika. Dk. Ali Mohamed Shein: kura 179,809. Maalim Seif: kura 176,338. Tofauti ilikuwa 3,471, yaani asilimia 50.1 kwa 49.1. Safari hii Maalim Seif, aliyekuwa anagombea kwa mara ya nne, alikubali matokeo na kumpongeza mwenzake. Unguja na Pemba zililala salama usiku ule. Siku chache baadaye akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

21. Linganisha miaka hiyo miwili. Mgombea ni yule yule, visiwa ni vile vile, tofauti ya kura ni ndogo kote. Kilichobadilika kati ya 1995 na 2010 ni kwamba mshindwa alijua mapema hatafukuzwa barazani. Hapo ndipo penye somo kubwa kwa watawala: anayetaka mpinzani akubali kushindwa kwa heshima, amwandalie mahali pa heshima pa kukaa.

22. Je, wajua kwamba somo hilo halikudumu? Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa kabla matokeo yote hayajatangazwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na CUF. Maelewano yaliyojengwa kwa miaka sita yalivunjwa kwa tangazo la siku moja. Maalim Seif alirudi kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Desemba 2020, safari hii kupitia ACT-Wazalendo, na akafariki Februari 17, 2021 akiwa katika wadhifa huo.

MAJIRANI NA WALIO MBALI

23. Kenya, 2002. Uhuru Kenyatta, mgombea wa KANU, alishindwa na Mwai Kibaki kwa tofauti kubwa. Alikubali kabla Kibaki hajaapishwa Desemba 30, na chama kilichotawala tangu uhuru kikaachia madaraka bila risasi. Uhuru akawa kiongozi wa upinzani bungeni. Miaka 11 baadaye alikuwa Rais.

24. Kenya, 2007. Kibaki alitangazwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata. Tume nyingine, iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, ilihitimisha kwamba uhesabuji ulikuwa umeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Kuhesabu upya hakumsaidii mtu pale ambapo hesabu ya kwanza haikuacha kumbukumbu safi.

25. Kenya, 2013. Uhuru alivuka nusu ya kura kwa kupata asilimia 50.07. Raila alikwenda Mahakama ya Juu, akashindwa Machi 30, akasema haafiki uamuzi lakini anauheshimu, akamtakia mwenzake heri. Mwaka 2017 alirudi mahakamani, na Septemba 1 majaji wakafuta uchaguzi wa urais, jambo lililokuwa halijawahi kutokea Afrika. Je, ingekuwa busara akubali tu mwaka ule? Mahakama ilisema hapana. Kwenda kortini kwa ushahidi ni sehemu ya uungwana, na kuiheshimu hukumu ni sehemu yake nyingine.

26. Kenya, 2022. William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Mahakama ya Juu iliagiza masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kura zihesabiwe upya, kisha Septemba 5 ikathibitisha matokeo. Katiba ya Kenya inampa mlalamikaji siku 7 za kufungua shauri na majaji siku 14 za kuamua. Nchi haikai roho juu kwa miezi.

27. Somaliland, 2003. Hii ndiyo ya kushangaza kuliko zote. Dahir Riyale Kahin: kura 205,595. Ahmed Silanyo: kura 205,515. Tofauti ni kura 80 kwa nchi nzima! Wafuasi wa Silanyo walikuwa na kila sababu ya kuwaka, na eneo lenyewe lilikuwa limetoka vitani si muda mrefu. Silanyo alikwenda mahakamani, mahakama ikamthibitisha Riyale, naye akakubali. Mwaka 2010 walikutana tena, Silanyo akashinda, na Riyale akakabidhi ofisi kwa amani.

28. Ushelisheli, Desemba 2015. James Michel alimshinda Wavel Ramkalawan katika duru ya pili kwa kura 193. Ramkalawan alipeleka malalamiko yake kortini, hakufanikiwa, akarudi kwa wananchi. Mwaka uliofuata muungano wake ulichukua wingi wa viti bungeni, na mwaka 2020 akashinda urais. Rais aliyekuwa madarakani, Danny Faure, alikubali kushindwa.

29. Ghana, 2008. Nana Akufo-Addo aliongoza duru ya kwanza, kisha akashindwa na John Atta Mills katika duru ya pili kwa kura 40,586, kati ya takriban milioni 9. Alikubali. Mwaka 2012 alishindwa tena, akaenda mahakamani, akashindwa huko pia Agosti 2013, akakubali. Mwaka 2016 akashinda.

30. Gambia, 2016. Wapiga kura wa huko walikuwa wakitumbukiza gololi ndani ya mapipa badala ya karatasi ndani ya masanduku. Yahya Jammeh alimpigia simu Adama Barrow kumpongeza, na dunia ikashangilia. Tume iliporekebisha hesabu, tofauti ikashuka hadi kura zisizofika 20,000, ingawa Barrow bado alikuwa mshindi. Jammeh akatumia marekebisho hayo kuyakana maneno yake wiki moja tu baadaye. Januari 2017 aliondoka nchini akielekea uhamishoni, majeshi ya jirani yakiwa yameshavuka mpaka. Pongezi yake ingemwacha mzee wa heshima nyumbani kwake, lakini yeye mwenyewe aliirudisha.

31. Marekani, 2000. Al Gore alipata kura za wananchi zaidi ya nusu milioni kumzidi George W. Bush, lakini kila kitu kiliishia Florida, kwenye tofauti ya kura 537. Gore alidai kura zihesabiwe upya, na zoezi hilo likasimamishwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4. Siku iliyofuata alitangaza kukubali. Januari 2001, kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais, ni yeye mwenyewe aliyeongoza kikao cha bunge kilichomthibitisha mpinzani wake.

SHERIA INASEMAJE KWETU?

32. Je, wajua kwamba kura nchini Tanzania huhesabiwa kituoni, palepale zilipopigwa? Matokeo hujazwa katika fomu: ya urais, ya ubunge na ya udiwani. Wakala wa chama husaini na kupewa nakala. Nakala hiyo ndiyo silaha ya kwanza ya mgombea mwenye shaka. Aliye na fomu za vituo vyote vya jimbo lake anaweza kujumlisha mwenyewe usiku ule ule na kujua kama ameshindwa au ameonewa.

33. Je, wajua kwamba matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya kutangazwa? Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilifuta sharti la kumtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi yake haijasikilizwa. Majaji waliona haki ya kusikilizwa isifungiwe nje kwa sababu ya fedha.

34. Mahakama zetu zimewahi kwenda pande zote mbili. Mwaka 2012 Godbless Lema wa Arusha Mjini alivuliwa ubunge na Mahakama Kuu mwezi Aprili, akarudishiwa na Mahakama ya Rufani mwezi Desemba. Igunga nako, Dalaly Kafumu alishinda uchaguzi mdogo wa 2011 kwa kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Joseph Kashindye, akavuliwa ubunge na Mahakama Kuu mwaka 2012, kisha akashinda rufaa. Anayekwenda kortini ajue safari ni ndefu, na kiti kinaweza kurudi kwa yule yule.

35. Je, wajua kwamba matokeo ya urais wa Tanzania hayawezi kupingwa mahakamani? Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mgombea urais wa Kenya akishindwa ana mlango wa mahakama. Wa Tanzania hana, anabaki na mawili: kukubali au kulalamika barabarani. Wapenda amani wanapaswa kuwa wa kwanza kutaka mlango huo ufunguliwe.

TULIYOJIFUNZA, KWA HARAKA

36. Kukubali kushindwa hakumwondolei mtu nafasi ya kesho. Kikwete alirudi baada ya miaka 10, Silanyo baada ya 7, Akufo-Addo baada ya 8, Uhuru baada ya 11, Ramkalawan baada ya 5. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

37. Lakini heshima hailipwi cheo kila mara. Malecela hakupata kuwa Rais, wala Salim, wala Gore. Anayekubali kwa matumaini ya kulipwa amefanya biashara. Anayekubali kwa sababu waliopiga kura wameamua, huyo amewaheshimu waliopiga kura.

38. Adui mkubwa wa pongezi za mapema ni wapambe. Mgombea akianguka anapoteza kiti, lakini mpambe anapoteza ajira, safari na matumaini ya zabuni. Ndiyo maana sauti ya kwanza ya kusema "tumeibiwa" mara nyingi hutoka kwa aliyekaa pembeni ya mgombea, kabla fomu hata moja haijasomwa.

39. Mshindi naye ana kazi yake. Mkapa hakumsukumia mbali aliyekaribia kumshinda, alimpa wizara. Mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010 hayakumwacha wa pili mikono mitupu. Penye "mshindi kachukua vyote", usitegemee mshindwa atabasamu.

40. Na hesabu za wazi ndizo zinazofanya yote haya yawezekane. Zile kura 47 za Chimwaga zilikubaliwa na aliyeshindwa, ndiyo maana zilitosha. Kura 47 zilizohesabiwa mbele ya macho ya watu zina nguvu kuliko kura milioni zilizojumlishwa gizani.

NENO KWAKO, MSOMAJI

Uchaguzi hauko Ikulu na bungeni tu. Uko kwenye kitongoji, kamati ya maji, chama cha ushirika, saccos, bodi ya shule, kwaya na usharika. Siku moja utagombea, na inawezekana utashindwa kwa kura tatu. Siku hiyo fanya hivi: omba kuona hesabu, na ukiziona kasoro zitaje kwa ushahidi mbele ya wanaohusika, ndani ya muda uliowekwa. Usipoziona, nenda kwa mwenzako, mpe mkono hadharani ili wafuasi wako wauone, na uwaambie warudi nyumbani. Na ukiwa wewe ndiye mshindi, mtafutie kazi aliyekukaribia, kwa sababu karibu nusu ya watu utakaowaongoza walimtaka yeye.